Liao Shi na Lugha Iliyonyamaza: Uhakiki wa Tarehe ya Dola ya Wakhitani

Dola ya Wakhitani ilidumu zaidi ya miaka mia mbili katika nyika za kaskazini ya China, tangu Abaoji wa ukoo wa Yelü alipojitwalia uongozi wa makabila mwaka wa 907 hata mfalme wa mwisho, Tianzuo, alipokamatwa na Wajurchen mwaka wa 1125. Tawi lake lililohamia magharibi liliishi miaka mingine karibu tisini katika nchi za Balasagun na Samarkand, mpaka Wamongolia walipolivunja mwaka wa 1218. Jina la watu hawa lilikwenda mbali kuliko farasi wao. Warusi huiita China yote Kitai, wasafiri wa Ulaya wa zama za kati waliiita Cathay, na waandishi wa Kiarabu na wa Kiajemi waliandika Khita. Kiswahili, ambacho husema China au Uchina, hakimo katika jamaa hiyo ya majina.

Ni ajabu basi kwamba watu waliowapa wengine jina hawakupewa nafasi ya kusimulia habari zao wenyewe. Kitabu ambacho karibu kila mwandishi wa tarehe yao hukiegemea ni Liao Shi, yaani Tarehe ya Liao, kilichotungwa kwa Kichina katika miaka ya 1343 na 1344, zaidi ya miaka mia mbili baada ya dola kuanguka, kwa amri ya mfalme wa Kimongolia aliyeitawala China wakati huo, chini ya usimamizi wa waziri Toqto'a. Kuchelewa huko hakukuwa kwa uvivu. Wanachuoni walikuwa wakibishana ni dola ipi, kati ya Liao, Jin na Song, iliyokuwa halali mbele ya mbingu. Na maadamu swali hilo halikukatwa, hapakuwa na njia iliyokubaliwa ya kuhesabu miaka, kwa kuwa kila tukio huandikwa kwa jina la enzi ya mfalme halali. Toqto'a aliumaliza ugomvi kwa kuamuru kwamba kila moja ya dola hizo tatu ihesabiwe kuwa halali katika nafsi yake. Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio, na Liao Shi ilikamilika kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Haraka hiyo yaonekana. Tarehe ya Song, iliyotungwa na baraza lile lile, ina sura 496; ya Jin ina sura 135; ya Liao ina 116 tu, na baadhi ya sura hizo ni fupi mno. Matukio hurudiwa, mtu mmoja hutokea mahali pawili kwa majina mawili, kwa sababu jina lake la Kikhitani limeandikwa kwa herufi tofauti za Kichina, na watungaji hawakutambua kwamba ni yeye yule. Wahakiki wa Kichina wa karne ya 18 walikwisha kulalamika juu ya upungufu huo, na mmoja wao, Li E, alikusanya kitabu kizima cha nyongeza. Walakini haraka ni kosa dogo. Kitabu kilichoandikwa kwa pupa chaweza kusahihishwa na mwenye subira. Kosa kubwa la Liao Shi ni kwamba yasimulia habari za dola yenye lugha mbili kwa masikio ya lugha moja.

Yafaa kukumbuka jinsi dola hiyo ilivyoendeshwa. Baada ya kupata wilaya kumi na sita za Kichina katika mwaka wa 938, pamoja na mji ambao leo ni Beijing, Wakhitani waligawa serikali yao pande mbili. Upande wa kaskazini uliwatawala Wakhitani na makabila mengine ya wafugaji kwa sheria za kwao. Upande wa kusini uliwatawala Wachina na watu wa mijini kwa taratibu za Kichina. Palikuwa na miji mikuu mitano, lakini mfalme hakukaa katika mmojawapo kwa kudumu. Mwaka mzima alihama na mahema yake kwa majira, kutoka kambi hadi kambi, na kambi hizo ziliitwa nabo. Majira ya kuchipua alivua samaki chini ya barafu na kuwinda mabata-bukini kwa kozi, na katika karamu ya samaki wa kwanza wakuu wa makabila walifika kuonyesha utii. Katika karamu ya namna hiyo, mwaka wa 1112, Tianzuo aliwaamuru wakuu wa Wajurchen wacheze ngoma mbele yake, na mmoja wao, Aguda, akakataa. Miaka miwili baadaye Aguda aliasi, na kabla ya miaka kumi na mbili kupita dola ilikuwa imekwisha.

Basi kiti halisi cha utawala kilikuwa hemani, na lugha ya hemani ilikuwa Kikhitani. Liao Shi hutaja nabo, huorodhesha mahali na miezi, lakini maneno yaliyosemwa humo hayamo. Yaliyomo kwa wingi ni mambo ya upande wa kusini: vyeo, mitihani, kodi, ibada za Kichina. Si kwamba upande wa kusini ulikuwa na uzito zaidi. Ni kwamba upande huo ndio uliokuwa na makarani ambao lugha yao watungaji wa karne ya 14 waliweza kuisoma. Walitegemea kumbukumbu za wafalme zilizotengenezwa na Yelü Yan mwaka wa 1103, na tarehe iliyoandikwa na Chen Daren chini ya utawala wa Wajurchen na kumalizika mwaka wa 1207, pamoja na vitabu vya watu wa Song ambao waliwaona Wakhitani kutoka ng'ambo ya mpaka. Vyote ni vya Kichina. Hata hao wa ng'ambo hawakupata mengi, kwa maana Shen Kuo, mwanachuoni wa Song wa karne ya 11, aeleza kwamba sheria ya Wakhitani ilimhukumu kifo mtu aliyepeleka kitabu chao katika nchi jirani. Shen Kuo alilitaja jambo hilo alipokuwa akizungumza juu ya kamusi ya herufi za Kichina, Longkan shoujian, iliyotungwa na mtawa Xingjun katika nchi ya Liao na kupewa dibaji yake mwaka wa 997. Kamusi hiyo ilipenya mpakani. Vitabu vya Kikhitani havikupenya.

Navyo vilikuwapo. Abaoji aliamuru mwaka wa 920 yatungwe maandishi ya lugha yake, ambayo huitwa maandishi makubwa, yenye kufuata sura za herufi za Kichina. Miaka michache baadaye ndugu yake Diela alitunga maandishi madogo. Liao Shi yasema kwamba Diela alifuatana na wajumbe wa Kiuighur siku ishirini, akajifunza lugha na maandishi yao, kisha akatunga yake, yenye alama chache lakini yenye kutosheleza kila jambo. Habari hiyo ina harufu ya sifa za ikulu, na siku ishirini ni chache hata kwa mtu mwerevu. Hata hivyo msingi wake ni wa kweli. Alama za Diela hazifanani na herufi za Kiuighur kwa umbo, lakini kanuni aliyoichukua huko ni kuandika sauti. Alama zake hupangwa pamoja katika kifungu kimoja, mbili mbili kutoka juu kwenda chini, na kila kifungu ni neno. Kwa maandishi haya, Liao Shi yenyewe yakiri, Xiao Hanjianu alifasiri vitabu vya tarehe na vya siasa kutoka Kichina, na Yelü Shucheng alifasiri kitabu cha uganga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosalia.

Sura ya mwisho ya Liao Shi, ya 116, ndiyo yenye thamani kuu kwa mtaalamu wa lugha, na ndiyo iliyotendewa kwa uzembe kuliko zote. Huitwa Guoyu jie, Maelezo ya Lugha ya Taifa. Ni orodha ya maneno ya Kikhitani yaliyotokea katika kitabu, yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina kwa kufuata sauti na kufasiriwa kwa maneno machache. Mengi ni vyeo, majina ya sikukuu na majina ya kasri. Humo na katika sura zinazohusiana nayo msomaji hujifunza kwamba dhahabu iliitwa nügu, na jiwe la jade guwen. Hujifunza pia juu ya siku ya nane ya mwezi wa nane, ambapo mbwa mweupe alichinjwa na kuzikwa hatua saba mbele ya hema la kulala, pua ikiachwa nje ya udongo, na baada ya siku saba hema likahamishiwa juu yake. Siku hiyo iliitwa niehenai: niehe ni mbwa, nai ni kichwa. Sikukuu nyingine ilikuwa ya kupiga mishale sanamu ya mti ya sungura, nayo iliitwa taolihua, kwa maana taoli ni sungura, na hua ni kupiga mshale.

Herufi za Kichina ni kichujio kibaya cha lugha ya kigeni. Hazina njia ya kuonyesha r mwishoni mwa silabi, huvunja konsonanti zinazofuatana, na huchanganya sauti ambazo Wakhitani walizitenga. Aidha matamshi ya Kichina chenyewe yalibadilika kati ya karne ya 10 na ya 14, na watungaji walinakili bila kuuliza. Na bado, orodha hiyo mbovu ndiyo iliyofungua mlango. Katika maandishi madogo, alama ya hesabu ya tano hutokea pia mwanzoni mwa neno la sungura, ambalo hutumiwa kutaja mwaka katika mzunguko wa wanyama kumi na wawili. Kwa kuwa Guoyu jie yasema sungura ni taoli, alama ya tano ilisomeka tau, na neno hilo ni ndugu wa tabun, yaani tano, katika Kimongolia. Kwa njia kama hiyo yalipatikana nair, siku, karibu na naran ya Kimongolia, ambayo ni jua. Na sair, mwezi, karibu na saran. Kikhitani kilionekana kuwa jamaa wa Kimongolia, ingawa si mtoto wake: lugha ya tawi la kando, lililokauka.

Wala mpangilio wa maneno haukufichika kabisa. Hong Mai, mwandishi wa Song aliyetumwa kwa Wajurchen mwaka wa 1162, asimulia jinsi watoto wa Kikhitani walivyofundishwa kusoma mashairi ya Kichina kwa kuyageuza kwanza katika usemi wa kwao, mtendwa akatangulia na kitendo kikaja mwisho, kama mtu angesema kwa Kiswahili "mvuvi samaki avua". Hong Mai aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha na akaliandika kwa sababu hiyo. Kicheko chake chatufaa kuliko sura nyingi za Liao Shi.

Kisa cha karne ya 18 chastahili kukaziwa macho, kwa sababu chaonyesha hatari ambayo haijaisha. Mfalme Qianlong wa Wamanchu, aliyejiona kuwa mlinzi wa mataifa ya kaskazini, alichukizwa na majina ya Kikhitani, ya Kijurchen na ya Kimongolia yaliyoandikwa ovyo kwa Kichina katika tarehe za Liao, Jin na Yuan. Aliwaamuru wanachuoni wake wayasahihishe. Majina ya Jin yalisahihishwa kwa Kimanchu, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kijurchen. Ya Yuan kwa Kimongolia. Na ya Liao kwa lugha ya Wasolon, kwa dhana kwamba Wasolon walitoka katika Wakhitani. Kila jina likapewa maana katika lugha hiyo na kuandikwa upya. Nia ilikuwa njema, na matokeo yalikuwa maafa: matoleo ya kitabu yaliyochapishwa baadaye yalijaa majina ambayo hakuna Mkhitani aliyepata kuitwa. Mtu anayetafuta asili ya neno kwa kufananisha sauti tu, bila kupima kanuni za sauti, afanya kazi ile ile ya wanachuoni wa Qianlong, tofauti ikiwa kwamba yeye hana mfalme wa kumlazimisha. Katika Ulaya nako njia ilikuwa ya mzunguko: Hans Conon von der Gabelentz alifasiri Liao Shi kwa Kijerumani, ikachapishwa mwaka wa 1877, lakini aliifasiri kutoka nakala ya Kimanchu. Habari za hemani zilikuwa zimemiminwa katika vyombo vitatu kabla ya kumfikia msomaji wake.

Mambo yalianza kugeuka mwaka wa 1922, mmisionari wa Kibelgiji, Louis Kervyn, alipofika kwenye makaburi ya wafalme wa Liao katika Mongolia ya Ndani na kunakili maandishi ya Kikhitani ya mfalme Xingzong na mkewe. Kabla ya hapo jiwe moja la mwaka wa 1134, lenye maandishi ya aina hiyo pamoja na Kichina, lilikuwa limedhaniwa kuwa la Kijurchen. Mawe zaidi yalipatikana; mwaka wa 1985 wataalamu watano wa China, Chinggeltei akiwa miongoni mwao, walitoa uchunguzi mkubwa wa maandishi madogo; na mwaka wa 2009 Daniel Kane alikusanya katika kitabu kimoja kwa Kiingereza yale yaliyokwisha kujulikana. Orodha ya kimataifa ya alama za maandishi ya kompyuta iliyapokea maandishi madogo mwaka wa 2020, ikiwa na alama 470. Yapasa kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya msamiati bado haisomeki. Yasomekayo zaidi ni tarehe, vyeo, majina na maneno ya mkopo kutoka Kichina, na hata wale waliotaraji kwamba mawe yenye lugha mbili yangewafungulia kila kitu walivunjika moyo: maandishi ya Kichina na ya Kikhitani ya mtu mmoja aghalabu si tafsiri. Kila lugha ilimwomboleza marehemu kwa njia yake na kwa wasomaji wake.

Lakini hata hayo machache yametosha kubadili hukumu. Mfano ulio bora ni wa majina ya watu. Liao Shi humpa mkuu wa Kikhitani jina lake na kisha jina la pili, ambalo huliita zi, kama lile jina la heshima ambalo Mchina msomi hupewa akiwa mtu mzima. Wasomaji kwa karne nyingi waliona hapo ushahidi kwamba Wakhitani waliiga desturi ya Kichina. Mwanzoni mwa karne ya 21, Liu Pujiang na Kang Peng walilinganisha majina hayo katika mawe ya Kikhitani, wakagundua kwamba jina la pili la baba lina shina moja na jina la mtoto wake wa kwanza wa kiume, likiongezewa kiambishi chenye n mwishoni. Baba alijulikana kwa mwanawe. Msomaji aliyezoea kuwaita watu wazima Baba Fulani na Mama Fulani hahitaji maelezo marefu. Desturi ya hemani ilikuwa imevikwa kanzu ya Kichina na neno moja, zi, na kanzu hiyo iliwadanganya wenye elimu kwa miaka mia sita na zaidi.

Jina la dola lenyewe limo katika hali hiyo. Liao Shi husema Liao tangu mwanzo hata mwisho. Kwa kweli hata katika Kichina jina rasmi lilibadilika: Khitani, kisha Liao Kuu mwaka wa 947, kisha Khitani Kuu mwaka wa 983, kisha Liao Kuu tena mwaka wa 1066. Katika maandishi ya Kikhitani majina yote mawili huwekwa pamoja, na Khitani haliachwi.

Kaburi la binti mfalme wa Chen, lililochimbuliwa mwaka wa 1986, laonyesha jinsi jiwe pekee liwezavyo kupotosha. Alikufa mwaka wa 1018 akiwa na umri wa miaka 18, akazikwa pamoja na mumewe, Xiao Shaoju. Jiwe lake limeandikwa kwa Kichina kizuri. Lau jiwe hilo pekee lingepatikana, angehesabiwa kuwa bibi wa Kichina kwa kila hali. Lakini miili ya wote wawili ilikuwa imevikwa nyavu za nyuzi za fedha tangu kichwa hata miguu, na nyuso zao zilifunikwa kwa barakoa za dhahabu, kwa desturi ambayo Wachina hawakuwa nayo. Kando yao palikuwa na vyombo vya kioo vilivyotoka nchi za Waislamu.

Katika uhakiki wa kazi za karne ya 20, kitabu cha Karl Wittfogel na Feng Chia-sheng, kilichotolewa Philadelphia mwaka wa 1949, chastahili heshima ya kwanza. Kabla yake ilikuwa kama kanuni ya imani kwamba China humeza kila anayeishinda. Waandishi hao wawili walipinga. Walipanga habari zote za Liao Shi kwa mada, wakaonyesha kwamba Wakhitani walibaki jamii ya pekee, na kwamba kati ya ufugaji na kilimo ilizuka hali ya tatu isiyo ya upande huu wala ule. Walikisia wakazi wa dola kuwa karibu 3,800,000, ambao Wachina walikuwa 2,400,000 na Wakhitani 750,000. Yaani watawala hawakufika hata mmoja katika watano. Neno lao limesimama. Walakini njia yao ilikuwa na udhaifu wa chimbuko lao. Waliandika wakati maandishi madogo yalikuwa bado fumbo, wakalazimika kuthibitisha kuwapo kwa utamaduni wa Kikhitani kwa kukusanya yale ambayo Kichina kiliyataja kama mambo ya ajabu: mbwa aliyezikwa, mkono wa malkia Yingtian uliokatwa na kuwekwa katika kaburi la mumewe Abaoji. Utamaduni ukiandikwa kwa viroja vyake tu, hubaki kiroja.

Kwa upande mwingine, baadhi ya waandishi wa siku hizi wamevuta kamba hadi mwisho wa pili, wakidai kwamba Kichina kilikuwa vazi la nje tu. Hilo nalo halisimami. Wafalme wa Liao walitunga mashairi ya Kichina kwa mapenzi, si kwa siasa peke yake. Msahafu wao wa dini ya Buddha, ambao karatasi zake zilipatikana mwaka wa 1974 ndani ya sanamu katika mnara wa mbao wa Yingxian, uliojengwa mwaka wa 1056, umechapishwa kwa Kichina. Mtu aweza kuwa na lugha mbili na kuzipenda zote mbili, na makosa huanza pale mwanahistoria anapomlazimisha kuchagua.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika dola ya magharibi, na hapo ndipo Liao Shi inaposhindwa kabisa. Yelü Dashi, aliyefaulu mtihani mkuu wa Kichina mwaka wa 1115, alimwacha Tianzuo mwaka wa 1124, akaenda magharibi na watu wachache, akajiita Gürkhan, akautwaa mji wa Balasagun mwaka wa 1134, na mwaka wa 1141 akamshinda Sultani Sanjar wa Waseljuk katika uwanda wa Qatwan karibu na Samarkand. Tarehe ya karibu miaka tisini imefungwa katika kurasa chache mwishoni mwa sura ya 30. Hata zile chache si za kuaminiwa. Yaelezwa humo kwamba enzi ya Yilie, mwana wa Dashi, iliitwa Shaoxing, jina ambalo mfalme wa Song alikuwa akilitumia katika karne iyo hiyo. Sarafu iliyopatikana Kyrgyzstan mwanzoni mwa karne ya 21 imeandikwa Xuxing. Maneno shao na xu yote mawili yana maana ya kuendeleza. Mwandishi alikumbuka maana akasahau neno. Sarafu moja ya shaba imeshinda tarehe ya kifalme.

Waliojaza pengo hilo ni Waislamu, waliowaita watu hawa Kara Khitai. Ibn al-Athir aandika kwamba Gürkhan alitoza dinari moja kwa kila nyumba, na kwamba hakumpa jemadari yeyote amri ya wapanda farasi zaidi ya mia. Nizami Aruzi asimulia jinsi alivyomwamuru liwali wake wa Bukhara afuate shauri la imamu wa mji, na liwali alipodhulumu, akamwandikia kwamba umbali haumfichi. Juvayni, aliyeandika baada ya Wamongolia kuja, ana kisa cha sayyid mmoja wa Nishapur aliyelia wakati watu waliposherehekea kushindwa kwa Wakhitani, akisema kwamba wao walikuwa ukuta wa Dhulkarnaini, na nyuma ya ukuta wako Yajuju. Kafiri aliyetawala Waislamu na kuliliwa na sayyid si jambo la kila siku. Michal Biran, katika kitabu chake cha mwaka wa 2005, aliuliza kwa nini watawala hawa hawakusilimu kama Waturuki waliowatangulia, na jibu lake ni kwamba fahari ya China, pamoja na mila ya nyika, iliwapa uhalali wa kutosha. Jibu hilo lina nguvu. Lakini lageuza pia hoja ya zamani: huko ambako hapakuwa na Wachina wengi wa kutawaliwa, Wakhitani waliendelea kupiga sarafu za Kichina na kutangaza majina ya enzi kwa Kichina. Hawakuwa wamemezwa. Walikichukua Kichina kama mtu achukuavyo pete ya babu yake safarini.

Na Kikhitani nacho walikichukua. Katika nchi ya Wajurchen matumizi ya maandishi yake yalipigwa marufuku mwaka wa 1191. Mwaka uliotangulia alizaliwa Yelü Chucai, mzao wa Abaoji, aliyekuzwa kwa elimu ya Kichina na baadaye akawa mshauri wa Genghis Khan. Alifika magharibi pamoja na jeshi la Wamongolia bila kujua kusoma maandishi ya babu zake. Huko alikutana na Li Shichang, aliyekuwa mtumishi wa dola ya magharibi, akajifunza kwake kwa muda wa mwaka mmoja, kisha akafasiri kwa Kichina shairi refu la Kikhitani, Zuiyi ge. Shairi la asili limepotea, tafsiri imebaki. Li Shichang ana jina la Kichina, na ndiye aliyemfundisha mwana wa ukoo wa Yelü kusoma Kikhitani. Hakuna habari hiyo katika Liao Shi.

Mwaka wa 1954 kitabu kimoja cha mkono kilichotoka Kyrgyzstan, chenye kurasa za maandishi yasiyotambulika, kiliingia katika hifadhi ya hati za mashariki huko Leningrad, mji ambao leo ni Saint Petersburg. Kilipewa alama Nova N 176 na kuwekwa. Mwaka wa 2010 Viacheslav Zaytsev alitambua kwamba ni maandishi makubwa ya Kikhitani: karatasi 127, zenye herufi karibu 15,000. Mawe yote ya makaburi husema juu ya wafu kwa maneno ya mazishi. Hiki ni kitabu, kilichoshikwa mikononi na kufunuliwa na mtu aliyejua kukisoma.